Mrithi Hupewa Kiti na Nani?

Vitabu vya uraia vinavyosomwa shuleni hugawa tawala za dunia katika mafungu makubwa mawili. Katika ufalme mtawala hurithi, katika jamhuri mtawala huchaguliwa. Mwanafunzi anayejibu hivyo kwenye mtihani hupata alama zake, na mwalimu hana la kumlaumu. Lakini mgawanyo huo ukipelekwa kwenye historia ya nchi zetu wenyewe hausimami. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulisema Kabaka, yaani mfalme, atapatikana kwa wingi wa kura katika baraza la Lukiiko. Wachagga, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walimpata Mangi Mkuu wao kwa sanduku la kura. Na Togo, iliyokuwa jamhuri tangu ilipojitawala mwaka 1960, Februari 2005 ilimwona mtoto akikaa kwenye kiti cha baba yake siku ileile baba alipofariki, kabla hata ya kupangwa siku ya maziko. Majina tuliyozoea, yaani ufalme, usultani, utemi, uchifu, jamhuri, hutaja kiti na heshima yake. Hayasemi aliyekikalia alikifikiaje. Hoja yangu ni kwamba anayetaka kujua kama utawala fulani ni mali ya familia asianze na cheo cha mtawala, wala asiishie kuuliza kama mtawala alimzaa anayemfuata. Aulize kama wapo watu wasio wa familia hiyo wenye uwezo wa kumkataa mrithi, na wakimkataa linatokea nini.

Vyeo vya pwani vinatosha kuonyesha kwa nini jina la kiti ni ushahidi dhaifu. Diwani wa leo ni mwakilishi wa kata. Hugombea, hupigiwa kura, na baada ya miaka mitano huweza kurudishwa nyumbani. Zamani, Vumba Kuu na katika miji ya Mrima, diwani alikuwa mkuu wa mji, mtu wa nasaba, na nasaba hiyo ndiyo iliyomruhusu kukitamani kiti. Neno ni lilelile, njia imegeuka kabisa. Liwali naye alipita njia ya kinyume. Liwali ni mtu wa kuteuliwa, wakala wa bwana aliye mbali, anayeweza kuondolewa kwa barua moja. Kwa cheo hicho Wamazrui walipelekwa Mombasa na maimamu wa Oman wa ukoo wa Yaarubi. Ukoo wa Busaidi uliposhika Oman katikati ya karne ya 18, Wamazrui walikataa kuutambua, wakaendelea kuitwa maliwali huku wakipokezana mji miongoni mwao, hadi Seyyid Said bin Sultan alipowang'oa mwaka 1837. Kwa karibu miaka 100 Mombasa ilikuwa na utawala wa ukoo mmoja chini ya jina la kazi ya kuajiriwa. Anayesoma vyeo peke yake angewaweka Wamazrui katika fungu la watumishi.

Wabusaidi wenyewe ni mfano mzito zaidi, kwa sababu wao walianza na kiti ambacho kwa itikadi hakikuwa cha kurithi. Madhehebu ya Ibadhi yanashikilia kwamba imamu huchaguliwa na wanazuoni na watu wazito wa jumuiya kwa elimu na uchaji wake, wala nasaba si sharti, na akipotoka huweza kuondolewa. Ahmad bin Said, mwanzilishi wa nasaba ya Busaidi, alikuwa imamu kwa maana hiyo. Baada ya mwanawe Said bin Ahmad, watawala wa Muscat waliacha kudai uimamu, wakajiita Seyyid, na baadaye Sultani. Mabadiliko hayo ya cheo yalikuwa na maana yake. Imamu alihitaji kukubaliwa na watu wasio ndugu zake. Seyyid hakuwahitaji. Lakini kilichoondoka ni ile sauti ya nje, na mahali pake hapakuwekwa kanuni nyingine yoyote. Haikuandikwa kwamba mtoto wa kwanza ndiye atakayerithi, wala kwamba ni ndugu mkubwa, wala kwamba kutakuwa na baraza la kuamua. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, akiwa safarini kurudi Unguja, mwanawe Thuwaini alikuwa na Muscat na mwanawe mwingine, Majid, alikuwa na Unguja, na kila mmoja akashika alichokuwa nacho. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alijaribu kumpindua Majid, akashindwa baada ya Waingereza kuingilia, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza nchini India, aliamua kwamba dola igawanywe mbili na Unguja iilipe Muscat riali 40,000 za Maria Theresa kila mwaka.

Tazama ni nani aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana katika mnyororo huo. Wanazuoni hawakuwa nao tena. Wenyeji wa Unguja, ambao mpaka mwaka 1873 walikuwa na mtawala wao wa jadi, Mwinyi Mkuu, hawakuulizwa. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na konseli wa Uingereza. Hatua kwa hatua, kumtambua sultani mpya likawa jambo la ofisi yake, na tarehe 27 Agosti 1896 jambo hilo likasemwa kwa mizinga. Khalid bin Barghash alikuwa ameingia kwenye jumba la kifalme siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki, bila idhini ya Waingereza. Manowari zilipiga jumba hilo kwa muda usiofika saa moja, watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na Hamud bin Muhammed akakalishwa alasiri ileile. Watu hupenda kulitaja tukio hilo kama vita vifupi kuliko vyote duniani, na ufupi wake huficha jambo lenyewe. Khalid hakuwa na haki pungufu kuliko Hamud, wote wawili wakiwa wajukuu wa Seyyid Said. Kilichoamua ni kura moja, na mwenye kura hiyo alikuwa mgeni. Kwa hiyo usultani wa Unguja uliitwa utawala wa ukoo, lakini tangu mwaka huo ukoo wenyewe haukuwa na neno la mwisho juu ya kiti chake. Hata Khalifa bin Harub, aliyekaa kwa utulivu tangu 1911 hadi 1960, hakuwa mtoto wa sultani yeyote wa Unguja. Alikuwa mjukuu wa Thuwaini wa Muscat, na alikubalika kwa sababu alikuwapo, alifaa, na Waingereza walimtaka.

Hapa msomaji makini atanipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema kwamba ninachosifu, yaani kuwapo kwa watu wa kumkataa mrithi, ndicho chanzo cha damu. Kama ingejulikana tangu mwanzo kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi, Majid na Thuwaini wasingegawana dola wala Khalid asingeingia jumbani. Kanuni iliyo wazi ni amani. Ushahidi wa Buganda unaonekana kumuunga mkono. Buganda haikuwa na ukoo mmoja wa kifalme kwa maana ya kawaida, kwani kwa mila watoto wa Kabaka walihesabiwa katika ukoo wa mama zao, na Kabaka alioa kutoka koo nyingi. Kila ukoo uliweza kutumaini kwamba siku moja mtoto wa binti yao atatawala, na mama wa Kabaka, Namasole, alikuwa na jumba lake na maofisa wake. Mtoto wa kwanza wa kiume, aliyeitwa Kiweewa, hakuruhusiwa kurithi. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia ndugu zake. Kabaka akifariki, Katikkiro, yaani waziri mkuu, na wakuu wengine ndio waliomteua mmoja wa wana wa mfalme. Mpango huo ulikuwa na gharama ya kutisha. Ndugu waliobaki walikuwa hatari iliyo hai, na historia ya ikulu ya Buganda ina wana wa mfalme wengi waliofungwa au kuuawa ili mmoja alale usingizi. Mwaka 1888, waasi walipomtoa Kabaka Mwanga, walimkalisha Kiweewa mwenyewe kinyume cha mila. Hakudumu hata miezi mitatu. Aliyemfuata, Kalema, aliwaua wana na mabinti wa mfalme waliokuwa karibu.

Sikatai gharama hiyo. Ninachokataa ni kudhani kwamba gharama ilitokana na watu wa nje kuwa na sauti. Ilitokana na sauti hiyo kutokuwa na mahali pa kusemea wala mwisho wa kusemwa. Katikkiro alikuwa na uwezo wa kumteua mwana mmoja, lakini hapakuwa na namna ya walioachwa kuishi kwa amani baada ya uteuzi, wala namna ya kuhesabu ni wakuu wangapi walikubali. Mkataba wa 1900 ulijaribu kutibu hilo kwa maandishi. Ulisema mrithi achaguliwe na Lukiiko kwa wingi wa kura, atoke miongoni mwa wazao wa Kabaka Mutesa, na jina lake lipelekwe kwa serikali ya Uingereza likakubaliwe. Ukikisoma kifungu hicho polepole utaona mambo matatu yakifanyika kwa pamoja. Kura ilihesabika, na huo ulikuwa mwendo wa mbele. Duara la wanaoweza kuchaguliwa lilipunguzwa likawa uzao wa mtu mmoja, na huo ulikuwa mwendo wa nyuma. Na hapana ya mwisho ilihamishiwa London. Kwa neno moja la mkataba, Buganda ilikuwa ya kidemokrasia zaidi, ya kinasaba zaidi na ya kikoloni zaidi kuliko ilivyokuwa. Jina la Kabaka halikubadilika hata herufi.

Oman ya leo imechagua dawa ya pili, ile ya mpinzani wangu. Sheria ya Msingi ya mwaka 1996 iliweka kwamba kiti kikiwa wazi, baraza la familia ya kifalme lina siku tatu za kukubaliana juu ya mrithi kutoka katika uzao wa Seyyid Turki bin Said, na likishindwa, ifunguliwe barua aliyoiacha sultani. Qaboos bin Said alipofariki tarehe 10 Januari 2020, bila mtoto, familia haikutaka hata kujadiliana. Ilifungua barua, na Haitham bin Tariq akaapishwa kesho yake. Mwaka mmoja baadaye sheria mpya ikafuta utaratibu wote huo na kuweka kwamba mtoto wa kwanza wa kiume wa sultani ndiye mrithi. Kwa upande wa utulivu, hatua hiyo inaeleweka, na ukizingatia historia ya Wabusaidi, mtu hawezi kuidharau. Lakini hata lile duara dogo la binamu waliokuwa na haki ya kukaa na kubishana siku tatu sasa halina la kubishania. Uhakika ulinunuliwa, na bei yake ilikuwa ile hapana ndogo iliyobaki.

Bara kulikuwa na njia nyingine ya kuipata hapana hiyo, na kwangu mimi ndiyo yenye akili kuliko zote. Katika temi nyingi za Usukuma na Unyamwezi, mtemi hakurithiwa na mwanawe. Alirithiwa na mtoto wa dada yake, na kwa kuwa dada ni wengi na watoto wao ni wengi, wazee ndio waliochagua yupi. Fikiri maana yake kwa mtu aliye madarakani. Mali aliyolimbikiza, askari aliowapa ng'ombe, mashamba aliyogawa, hakuna kati ya hivyo alichoweza kukigeuza kuwa kiti kwa mtoto wake. Wana wa mtemi walipewa vijiji vya kusimamia, ndiyo maana mkuu wa kijiji Usukumani aliitwa mwanangwa, neno lenye maana ya mtoto wa mtawala. Walipata heshima bila kupata dola. Ilikuwa namna ya kuitenga nyumba ya mtawala na kiti chake wakati mtawala angali hai, jambo ambalo katiba nyingi zilizochapwa kwa herufi za dhahabu hazijaliweza. Tena wazee walioshiriki uteuzi, wanyampala, hawakuwa watu wa kupamba sherehe. Mtemi aliyeshindwa kuleta mvua, au aliyeugua mpaka akadhoofika, alikuwa na sababu ya kuwaogopa. (Kwa bahati mbaya neno lao lilipoingia katika Kiswahili kwa njia ya misafara liligeuka nyapara, msimamizi wa wapagazi, kisha msimamizi wa wafungwa.) Waingereza, ambao kwao mtoto wa mfalme ndiye mfalme, hawakuuelewa sana utaratibu huo. Chini ya utawala wa kupitia wenyeji, ulioimarishwa na sheria ya mwaka 1926 wakati wa Gavana Donald Cameron, walihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi na kusoma barua. Mtoto wa mtemi aliyepitia shule alikuwa rahisi kumpata kuliko mpwa aliyechaguliwa na wazee. Mahali pengi urithi ukahama taratibu kutoka kwa mpwa kwenda kwa mtoto, na ukaitwa mila.

Sitaki kuipamba zamani. Temi nyingi zilitawaliwa kwa nguvu, na Mirambo, aliyejenga dola yake Urambo mpaka alipofariki mwaka 1884, hakuijenga kwa kuomba ruhusa ya wazee. Bunduki zilipoingia kwa wingi na biashara ya pembe kupamba moto, hapana ya wazee ilipungua uzito kila mahali. Ninachosema ni kwamba wakoloni hawakukuta tawala za familia wakaziacha zilivyo. Mara nyingi walizikuta zikiwa na vizuizi, wakaondoa vizuizi, wakaacha familia. Na pale ambapo hawakukuta kiti kabisa walikitengeneza. Wakikuyu walijiendesha kwa mabaraza ya wazee, kiama, na kwa marika, wala hawakuwa na mtawala mmoja. Waingereza wakaleta sheria ya wakuu wa vijiji mwaka 1902 na kuwapandisha watu kama Kinyanjui wa Gatherimu, ambaye hakutoka katika nyumba yoyote ya watawala kwa sababu nyumba hizo hazikuwapo. Mpaka leo chifu nchini Kenya ni mtumishi wa serikali. Kazi yake hutangazwa, huombwa, hufanyiwa usaili, na mwenyewe hustaafu. Upande wa pili wa mpaka, Tanganyika, neno hilohilo lilimaanisha mtu wa nasaba. Mkenya na Mtanzania wanaozungumza juu ya machifu hawazungumzi juu ya kitu kimoja.

Kilimanjaro ndipo mgongano wa kiti na njia ulipoonekana wazi kuliko mahali pengine. Mamangi walikuwa wengi, kila mmoja na eneo lake, Marangu, Machame, Kibosho na kwingineko. Kahawa iliwapa wakulima pesa, shule na chama cha ushirika chenye nguvu, na watu hao hawakuridhika kuongozwa na mtu waliyepewa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakapigia kura cheo kipya cha Mangi Mkuu. Waliosimama walitoka katika nyumba za mamangi, na aliyeshinda alikuwa Thomas Marealle, wa nasaba ya Marangu, kijana aliyesoma Uingereza. Je, huo ulikuwa utawala wa familia? Kwa kipimo cha kitabu cha uraia swali halijibiki, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa amerithi na kuchaguliwa kwa wakati mmoja. Kwa kipimo changu jibu lilikuja lenyewe miaka michache baadaye, pale hoja ilipozuka kama cheo hicho ni cha maisha au la. Wachagga wakapiga kura tena, Umangi Mkuu ukaondoka, na Solomon Eliufoo akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga mwaka 1960. Waliompa kiti walikuwa na uwezo wa kukichukua, nao wakakichukua. Miaka mitatu baadaye serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu nchini kote, chini ya rais ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa mtemi wa Wazanaki. Sheria ilipitishwa bila vurugu kubwa, na sehemu ya sababu nadhani ni hiyo: mahali pengi kiti kilikuwa kimekwisha kugeuzwa ofisi ya serikali, na mwenye ofisi hana ukoo wa kumpigania.

Pingamizi la pili linatoka upande wa wapenda jamhuri. Watasema kwamba ninavipa vibaraza vya wazee sifa visizostahili. Lukiiko lilichagua, sawa, lakini miongoni mwa wazao wa Mutesa tu. Wazee wa Usukuma walichagua, lakini miongoni mwa wapwa wa mtemi. Mkulima wa kawaida hakuweza kuwa mtawala hata angekuwa na hekima ya kupita kiasi. Wana haki, na sidai kwamba hapana ya wazee ilikuwa usawa. Kuwa na haki ya kugombea ni jambo moja, kuwa na uwezo wa kumkataa anayegombea ni jambo lingine, na utawala unaweza kuwa na moja bila nyingine. Tawala za zamani zilinyima la kwanza na mara nyingine zikatoa la pili. Jamhuri kadhaa za leo zimefanya kinyume. Zimeandika kwamba kila raia aliyefikia umri fulani anaweza kuwa rais, kisha zikahakikisha kwamba hakuna anayeweza kumkataa mtoto wa rais.

Togo ndiyo mfano wa wazi. Gnassingbé Eyadéma alishika nchi tangu 1967. Alipofariki tarehe 5 Februari 2005, katiba ilimtaja Spika wa Bunge kushika nafasi kwa muda hadi uchaguzi. Spika, Fambaré Natchaba, alikuwa nje ya nchi. Mipaka ikafungwa, ndege yake ikaishia Benin, jeshi likamtangaza Faure, mtoto wa marehemu, na Bunge likageuza katiba upesi ili iendane na kilichokwisha kutendeka. Hapana ilikuja kutoka nje, kwa majirani wa Afrika Magharibi na Umoja wa Afrika. Faure akajiuzulu kabla mwezi haujaisha, akagombea Aprili, akatangazwa mshindi. Syria ilikuwa imetangulia. Mwaka 2000 Hafez al-Assad alipofariki, umri wa chini wa rais uliokuwa miaka 40 katika katiba ulishushwa hadi 34, umri halisi wa mtoto wake Bashar. Kongo ilimpata Joseph Kabila, mwenye miaka 29, siku chache baada ya baba yake kuuawa Januari 2001, na Gabon ikakaa na akina Bongo tangu 1967 hadi mapinduzi ya Agosti 2023. Waarabu walilazimika kuunda neno la hali hii. Msomi wa Misri Saad Eddin Ibrahim, baada ya mambo ya Syria, aliliunganisha neno la jamhuri na neno la ufalme kuwa jumlukiya. Kiswahili, chenye neno jamhuri kutoka chimbuko hilohilo, hakikuunda lake. Tunasema tu rais, na neno rais linawafunika wote.

Hata hivyo kipimo hiki kitakuwa cha hovyo kikiwatia hatiani watoto wote wa viongozi. Uhuru Kenyatta ni mtoto wa rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka 2002 chama tawala chenye dola yote mkononi kilimsimamisha kugombea urais, na wapiga kura wakamkataa, wakampa Mwai Kibaki. Kwa kipimo changu siku ile ndiyo inayomhusu zaidi, kuliko ushindi wake wa 2013. Familia iliyoweza kushindwa hadharani na kukabidhi haikuwa nasaba ya kifalme, hata kama jina lake lina faida ambayo mtoto wa mkulima hana. Zanzibar nayo imekuwa na Amani Abeid Karume, aliyeingia mwaka 2000, miaka 28 baada ya baba yake kuuawa na baada ya marais wengine wanne, na Hussein Ali Mwinyi, aliyeingia mwaka 2020, miaka 35 tangu baba yake alipoacha kiti hichohicho. Chaguzi za Zanzibar zimekuwa na ubishi mkali, na ubishi huo ni halali kujadiliwa. Lakini unahusu chama na kura. Si sawa na Togo, ambako kiti hakikukaa wazi hata usiku mmoja. Atakayesema kwamba wapiga kura wana haki ya kumchagua mtoto wa yeyote wamtakaye, nitakubaliana naye, kwa sharti moja: nionyeshe pia mwaka waliomkataa, au walipokuwa huru kumkataa.

Ndiyo maana katika katiba yoyote mimi husoma kwanza kifungu kifupi ambacho wengi hukiruka, kile kinachosema nani anashika nchi kiti kikiwa wazi ghafla. Wakati huo hakuna kampeni na huzuni imewanyamazisha watu, kwa hiyo kilichoandikwa hukutana uso kwa uso na wenye silaha. Mwaka 2021 ulitupa jozi ya mifano. Tarehe 17 Machi John Magufuli alifariki. Katiba ya Tanzania inamtaja Makamu wa Rais, na tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan, asiye na udugu wowote na marehemu, akaapishwa Dar es Salaam. Kabla mwezi wa pili haujatimia, tarehe 20 Aprili, ilitangazwa kwamba Idriss Déby wa Chad amefariki kutokana na majeraha ya vitani. Katiba ya Chad ilimtaja Spika wa Bunge. Majenerali wakaivunja katiba hiyo, wakalivunja Bunge, wakamweka Mahamat, mtoto wa marehemu, kuongoza baraza la kijeshi la mpito. Walipoulizwa juu ya Spika, jibu lilikuwa kwamba Haroun Kabadi mwenyewe amekikataa kiti kwa sababu ya hali ya usalama. Ilikuwa hapana pekee iliyosikika N'Djamena wiki ile ikaheshimiwa, na haikuelekezwa kwa mrithi. Mei 2024 Mahamat Déby alishinda uchaguzi wa rais, na Chad ikaendelea kuitwa jamhuri.